Ile dohani nyeusi aliyoiona bibi yako

Swali: "Maalim, shikamoo. Mimi ni wa Malindi, lakini bibi mzaa mama ni wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Kila akisimulia utoto wake hutaja meli ya abiria iliyomchukua kutoka Amu hadi Unguja arusini, miaka michache kabla ya Uhuru. Anakumbuka dohani nyeusi yenye mikanda miwili myeupe, na jinsi walivyotandika mikeka wakalala juu ya sitaha. Wajomba zangu humcheka, wanasema Amu haikuwa na meli ya abiria hata siku moja, ilikuwa ni jahazi tu. Nani mkweli? Na kama hiyo meli ilikuwako, kampuni ilikuwa ya nani, ikaenda wapi, mbona leo tunabanana ndani ya basi mpaka Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Amu?"

Marahaba, mwanangu. Bibi yako hakuota, na wajomba zako nao wana fungu lao la haki. Dohani hiyo naijua, nimeiona kwa macho yangu Kilindini, bandari ya Mombasa, nikiwa mvulana. Ni ya BI, kwa kirefu British India Steam Navigation Company, na ile mikanda miwili myeupe ndiyo iliyokuwa alama yao kila bandari waliyofika. Mtu wa bahari hangoji meli isogee asome jina ubavuni. Akiona dohani tu, ingali mbali, ameshajua ni ya nani.

Lakini bibi yako hakuipandia Amu. Katika miaka anayoisimulia, meli za BI za abiria zilizojulikana zaidi pwani hii zilikuwa mbili, Kampala na Karanja, zilizoundwa Glasgow na kuanza kazi 1947 na 1948. Kila moja ilikuwa ya tani kama 10,000. Zilitoka Bombay, zikapitia Ushelisheli, zikaingia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, halafu zikateremka bandari za Msumbiji hadi Durban. Amu haikuwemo katika orodha hiyo.

Nadhani unaona kilichotokea. Bibi yako alitoka Amu kwa jahazi, akafika Mombasa, akalala siku mbili tatu kwa jamaa Mji wa Kale, kisha akapelekwa Kilindini akapandishwa BI kwenda Unguja. Mtoto wa miaka saba au minane akitoka mji usio na gari, akaona chuma kirefu kushinda msikiti kinaelea, hicho ndicho kitakachobaki kichwani. Jahazi alikuwa analiona kila siku kizingitini pa nyumba yao, kwa nini alikumbuke? Safari mbili zimeungana zikawa moja. Muulize taratibu, si kwa kumbishia: "Bibi, mlipopanda ile meli mlipanda ngazi au mlishikwa mkono kutoka kwenye mashua?" Na kama anakumbuka harufu ya jikoni, muulize chakula kilipikwa na nani. Meli hizo zilikuwa na jiko la Waislamu mbali na jiko la Wahindu, kwa ajili ya abiria wa sitaha, na wazee wengi waliosafiri nazo hukumbuka jambo hilo kabla ya kukumbuka hata bei ya tikiti.

Karanja ziko mbili, usichanganye ukija kusoma habari zake. Ya kwanza ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikachukuliwa vitani, ikapigwa mabomu ikazama Bougie, Algeria, Novemba 1942. Ya bibi yako ni ya pili.

Sasa nije kwa wajomba. Wanaposema Amu haikuwahi kuona meli ya abiria, hapo wamekosea, ila kosa lao ni la vizazi viwili nyuma ya bibi yako. Meli za moshi zilitia nanga Amu zikachukua watu, na kampuni yenyewe ni hiyo hiyo ya dohani nyeusi. Ukitaka kuelewa kwa nini zilikuja na kwa nini ziliondoka, anza na barua. Kwa ufupi wangu mimi, ninayeshughulika na mambo haya kila siku: meli ya BI haikuja pwani hii kumfuata abiria. Ilifuata mfuko wa posta. Abiria alipanda juu ya barua.

Mwenye kampuni alikuwa Mskoti, William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown 1823, aliyeanza maisha kama kijana wa dukani. Akaenda India 1847 kufanya biashara. Mwaka 1856 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ndogo ya kupeleka barua kati ya Calcutta na Burma, na 1862 kampuni hiyo ikabadilishwa jina ikawa British India. Ujanja wake ulikuwa ni mmoja, naye akaurudia maisha yake yote: ingia mkataba na serikali ubebe barua zake, ulipwe fedha ya uhakika kila mwaka hata meli ikienda nusu tupu, halafu nauli na shehena ziwe faida juu ya faida. Mwenye jahazi hakuwa na mtu wa kumlipa ruzuku upepo ukikatika.

Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa, na 1872 BI ikapata mkataba wa kuleta barua kutoka Aden hadi Unguja, safari moja kwa mwezi. Ndipo pwani yetu ilipoingia katika ratiba. Fikiria maana yake kwa mfanyabiashara wa Amu. Tangu enzi na enzi hesabu yake ilikuwa ya pepo mbili. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, vyombo vinateremka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, vinapanda kurudi. Barua iliyokosa msimu ilingoja msimu. Mara ikaja chuma ambayo haimuulizi mtu upepo wa leo ni upi, na inarudi mwezi ujao, na mwezi unaofuata.

Mwaka huo huo wa 1872, mwezi wa Aprili, Unguja ilipigwa na kimbunga kikubwa kikavunja vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Barghash hakuwa mtu wa kukaa akatazama Mskoti anachukua bahari yake. Miaka iliyofuata akanunua meli zake mwenyewe za moshi, zikawa zinakwenda Bombay na kupeleka mahujaji. Kwa hivyo ukisikia kwamba usafiri wa meli za moshi pwani hii ulikuwa kazi ya Wazungu peke yao, si kweli. Sultani alikuwa mshindani. Tofauti ni kwamba yeye alizigharimia kutoka mfukoni mwake, na Mackinnon alilipiwa na serikali ya Uingereza. Barghash alipofariki 1888, biashara ile haikupata mwenye ari kama yake.

Hapa Amu palikuwa na kisa kingine, na ukija mjini usiache kukitazama. Kwenye njia kuu kuna nyumba ambayo leo ni makumbusho ya posta ya Wajerumani. Posta hiyo ilifunguliwa Novemba 1888 ikafungwa Machi 1891. Wajerumani walikuwa wameshika Witu, huko bara, ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt wakijifanya marafiki wa sultani wa huko, na Amu ndiyo iliyokuwa mlango wao wa bahari. Sasa tazama kichekesho. Kampuni yao ya meli, Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg, iliundwa 1890. Posta imefunguliwa 1888. Hiyo miaka ya mwanzo barua za Kaiseri zilisafiri na nini? Zilipanda vyombo vya wengine. Kila nikipita pale mlangoni hucheka peke yangu.

Na Mackinnon hakuwa amelala. Mwaka 1887 alipata kwa Barghash haki ya kuendesha sehemu ya pwani, na 1888 akapewa hati ya kifalme kuunda Imperial British East Africa Company. Sasa hebu liangalie jambo hili: mwenye meli ya abiria ndiye huyo huyo mwenye kampuni ya kutawala nchi. Forodha ya Amu ikawa mfupa uliowagombanisha yeye na Wajerumani wa Witu, kila mmoja akidai ameahidiwa na Sultani wa Unguja. Ugomvi ukapelekwa kwa mwamuzi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, ambaye Agosti 1889 aliamua kwamba Wajerumani hawakuwa na haki ya kuidai, na Sultani yuko huru kumpa anayemtaka. Yeye akaipa kampuni ya Mackinnon. Mtu wa Brussels, ambaye hajapata kukanyaga mchanga wa Shela, ameamua nani atoze ushuru wa boriti na pembe hapa kwetu. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikagawana, Witu ikawa ya Waingereza, na 1891 posta ile ikafungwa.

Kampuni ya kutawala ilifilisika upesi, na 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Mackinnon alikuwa ameshakufa miaka miwili kabla. BI yenyewe iliendelea kunenepa. Iliungana na kampuni nyingine kubwa ya meli ya Uingereza, P&O 1914, na katika miaka ya 1920 ilikuwa na meli zaidi ya 150. Tatizo la Amu halikuwa udhaifu wa kampuni. Lilikuwa reli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901. Kabla ya hapo, Amu na Mombasa zilikuwa ndugu wawili, na ndugu mkubwa hakuwa dhahiri. Baada ya hapo kila kitu kutoka bara kiliteremkia mahali pamoja. Miaka ya 1920 zikajengwa gati za maji marefu Kilindini, meli kubwa ikawa inafunga kamba ubavuni mwa gati, abiria anashuka kwa miguu yake. Amu meli ilikuwa ikitia nanga majini, watu na mizigo wakashushwa kwa mashua. Nahodha wa meli ya barua mwenye haraka ya kufika Kilindini atasimama Amu nusu siku nzima kwa ajili ya nini? Kukawa na vyombo vidogo zaidi vya kugusa bandari hizi za kaskazini, kwa mfano vya Cowasjee Dinshaw, kampuni ya Maparsi wa Aden iliyokuwa ikiunganisha Aden, pwani ya Wasomali na Unguja. Lakini meli kubwa yenye dohani ya mikanda miwili ilikwisha kuihama Amu muda mrefu kabla bibi yako hajazaliwa.

Kilichobaki ni kile kilichokuwepo kabla ya Mackinnon, jahazi. Hapa wajomba zako wako nyumbani, nami pia, kwa sababu marehemu babangu alikuwa nahodha.

Jahazi lake lilibeba boriti. Mikoko ilikatwa huku kwetu, ikapangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na juu ya hiyo shehena ndipo abiria alipotafuta pa kulaza ubavu. Nilisafiri naye mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, msimu wa kaskazi. Tuling'oa nanga alfajiri maji yamejaa, umande ukivuma kutoka bara. Ulipokufa umande, jua likapanda, kaskazi ikashika, mabaharia wakatweka tanga wakiimba, foromali ikapanda mlingotini ikilia kama mlango mkongwe. Mama mmoja wa Mkomani alikuwa na kuku wawili kwenye tenga na mtoto mchanga; akajifunika buibui lake kichwani asiione bahari, hakujifunua mpaka tulipoipita Kipini. Choo kilikuwa kisanduku cha mbao kinachoning'inia tezini, na wanawake walisubiri giza. Jiko lilikuwa kasha lenye mchanga. Mchuzi wa papa uliopikwa juu ya kasha lile sijaupata tena kwa mtu.

Kutoka Amu hadi Mombasa ni kama maili 130 za baharini. Kaskazi nzuri ilitufikisha siku ya pili, Bandari ya Kale, Ngome ikiwa kushoto kwetu, na boriti zikaanza kushushwa kabla sijapata kunawa uso. Kurudi ni hadithi nyingine. Ukirudi na kusi ya kawaida unapata upepo mgongoni, lakini Juni na Julai kusi ni kali, bahari inachafuka, na manahodha wengi walivipandisha vyombo pwani kuvikalafati wakangoja. Ukilazimika kusafiri dhidi ya upepo, ilikuwa unakwenda ukirudi, bisha huku bisha kule, na safari ya siku mbili ikawa ya wiki. Katikati ya pepo mbili kuna maleleji, bahari shwari kama mafuta sahanini. Hapo abiria anamaliza maji ya mtungi wake na nahodha hana la kumwambia.

Nauli haikuandikwa popote. Mtu akija kwa babangu na mzigo wake, wakatazamana, wakakubaliana. Msafiri wa Maulidi aliyetoka mbali kuja msikiti wetu wa Riyadha mara nyingine alisamehewa kabisa, na babangu hakuona kwamba amepata hasara.

Kilichomwondoa abiria juu ya boriti ni barabara, nayo ilikuja kwa mwendo wa kobe. Zamani mtu wa gari akitoka Mombasa kwenda Malindi alivuka vivuko viwili. Pale Mtwapa kivuko kilivutwa kwa mnyororo na wanaume waliokuwa wakiimba na kupiga baragumu la kombe, mpaka watalii wakawa wanasafiri kwenda kuwasikiliza tu. Kilifi, feri ilivusha magari hadi daraja lilipofunguliwa 1991. Ukija huku juu, Mto Tana nao ulikuwa na kivuko chake Garsen, na mvua ikinyesha mto hutambaa ukalala juu ya barabara. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 bado yanasimuliwa Tana nzima. Kisha hatari. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwahamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara, na hata baada ya hapo majambazi wa njiani waliifanya safari ya Garsen hadi Mokowe kuwa ya kwenda kwa msafara na askari. Miaka hiyo wapo waliochagua bahari kwa hiari yao, kusi isiwatishe kuliko bunduki. Baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 misafara ikarudi na usafiri wa usiku ukapigwa marufuku.

Pamoja na hayo yote, basi lilishinda. Linaondoka saa inayojulikana, linafika siku hiyo hiyo. Babangu aliendelea na boriti tu, abiria wakawa mmoja mmoja, na serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nchi za nje 1982, vyombo vikubwa vilivyokuwa vikitegemea biashara ya Ghuba vikakosa kazi. Jahazi lisilokuwa na shehena halina nafasi ya abiria pia, kwa sababu abiria alikuwa analipiwa na boriti. Umeona mzunguko huo? Meli ya BI ilibebwa na barua, jahazi likabebwa na mikoko. Bahari hii, tangu nianze kuisoma, sijakutana na chombo kilichoishi kwa nauli ya abiria wa Amu peke yake.

Hilo ndilo jibu la sehemu ya mwisho ya swali lako, kuhusu Mokowe. Vijana hunijia wakiniuliza mbona Unguja wana boti za kasi, sisi hatuna. Wananionyesha picha simuni: viti vya kulalia, televisheni, kiyoyozi. Mimi huwajibu kwa hesabu. Dar es Salaam hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini, na bahari yenyewe imekingwa na kisiwa. Upande mmoja kuna jiji la mamilioni, upande wa pili, kwa sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773. Kaunti yetu ya Lamu kwa sensa ya 2019 ina watu 143,920, wengi wao wako bara, Mpeketoni na Witu, na hao hawana haja ya bahari hata kidogo. Maili ni 130, tena bahari wazi, kusi ikikugonga ubavuni Ghuba ya Ungwana yote. Ongeza mafuta. Ongeza kwamba mwenye fedha anapanda ndege Manda akafika Mombasa kabla chai haijapoa, na asiye na fedha ana basi, na sasa hata lami ya Garsen imemfikia. Katikati amebaki nani?

Mtu atasema, bandari mpya je? Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Kililana 20 Mei 2021, ina mita 400 za urefu na kina cha mita 17.5. Ni maji ya kutosha kwa Karanja kumi. Lakini ni gati ya makasha, yaani makontena ya mizigo. Msafiri wa Langoni akitaka kuifikia lazima kwanza avuke kwa boti aende bara, na akishafika bara basi si limesimama pale?

Usafiri wa abiria wa baharini haukufa Amu, ulifupika tu. Meli ya Aden imekuwa boti ya Mokowe. Kila alfajiri pale jeti utaona watu, magunia, friji iliyofungwa kwa kamba, mgonjwa amelazwa kwenye godoro, wanafunzi wa bweni na masanduku yao ya bati, na vijana wa boti wakigombania mzigo kabla hujasema unakwenda wapi. Kwa spidi ni dakika kumi, kwa boti ya kawaida ni mara mbili au tatu ya hapo. Na ukitaka kuijua safari ya zamani ilivyokuwa, usihangaike na Mombasa. Panda boti ya Faza au Kizingitini. Hizo bado zinafuata maji, si saa. Njia yao ni Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakipwa Mkanda haupitiki.

Mimi mwenyewe nimewahi kulala humo. Boti ilichelewa kuondoka kwa sababu ya mifuko ya saruji ya mtu mmoja ambaye hakumaliza kupakia, nahodha akasema tutawahi, hatukuwahi. Tulikwama katikati ya mikoko maji yakitukimbia hadi chombo kikainama upande, watu arubaini na kitu, mbu, na mwenye saruji akiwa amekaa juu ya mifuko yake kimya. Mama mmoja wa Siyu akatoa mkate wa mofa akaugawa, kila mtu tonge. Maji yalirudi saa nane za usiku. Hakuna aliyerudishiwa nauli, wala hakuna aliyeiuliza.

Kuhusu mwisho wa ile kampuni. Kampala iliuzwa ikavunjwa 1971. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970 P&O iliyachukua mambo ya BI ikayaweka chini ya jina lake, na jina la zamani likafifia. Karanja iliendelea mpaka 1976, ikauzwa kwa shirika la meli la India, ikapewa jina la Nancowry. Ndege zilikuwa zimeshamchukua abiria wa Bombay. Kwa hiyo ukimwona bibi yako anakasirika akiambiwa meli yake haikuwepo, ana haki. Ilikuwepo karibu miaka ishirini zaidi baada ya arusi ile.

Jambo moja nakuomba. Umesema walitandika mikeka sitahani. Kama bado yuko mtu wa familia anayehifadhi sanduku la safari ile, tazama ndani ya kifuniko, mahali ambapo karatasi hubandikwa. Wazee wengi hawakuzibandua karatasi za meli, wakapaka rangi juu yake. Ikwangue polepole kwa ukucha, usitumie kisu. Ukikuta jina la bandari ya kupandia, nina hakika utasoma Mombasa. Ukisoma Lamu, nijulishe, nitakuja Malindi siku hiyo hiyo, na nauli ya basi nitajilipia.